Mchwa Niliowaapia

Ijumaa, mfunguo mosi 5

Mimi Khamis wa Noor, wa Junda, nina miaka sabini na minane. Nimewazika ndugu zangu wanne, mafundi wote walionifunza kazi, daktari aliyenikataza chumvi, na minazi kumi na mmoja niliyoipanda kwa mkono wangu. Nimeziona nyumba za saruji zikipasuka kabla ya waliozijenga kuota mvi. Nyumba yangu ya udongo na boriti, niliyoisimamisha mwaka wa sabini na tisa, ipo.

Kuandika najua. Chuoni nilihitimu Kurani, na herufi hizi nilizisoma gumbaru, darasa la watu wazima, miezi saba mpaka mwalimu akahamishwa, na hilo si kosa langu. Daftari hili nimelianza kwa sababu ya shemeji yangu Luqman, ndugu yake mke wangu. Kila tukibishana nikamshinda, mwezi ukipita yeye ndiye aliyeshinda. Sasa yatakuwa yameandikwa. Siku nahesabu kwa hesabu yetu: mfunguo mosi ndio mwezi huu uliofuata Ramadhani.

Nyumbani tuko watatu. Mimi, mke wangu Mwanasaumu, na chumba cha uani kuna mpangaji, Dorcas, mtu wa bara, mwalimu wa skuli ya sekondari. Mwaka wa pili huu yuwapita mbele yangu na "Habari mzee". Shikamoo sijaisikia. Dirishani pake amepanga chupa za wadudu waliokufa, mtu mzima na akili zake.

Jumamosi 6

Mvua ya kwanza ya masika. Boriti hazikulia hata moja.

Jumanne 9

Luqman amekuja baada ya laasiri tukakaa barazani. Yeye pia ni fundi, lakini fundi wa mbao za dukani. Akatazama paa, akanywa kahawa, akatazama tena kama mganga wa meno.

"Shemeji, boriti hizi zina miaka mingapi?"

"Zimeizidi akili yako."

"Masika haya ni ya mchwa. Mishomoroni wamekula paa la watu mpaka likashuka. Mahfudh ana vyumba viwili kule Likoni, nendeni mkalale penye saruji."

Mahfudh ni mwanangu. Nikajua wameshazungumza nyuma yangu.

"Mchwa hali boriti ya mkoko," nikamwambia.

"Mchwa hula hata nasaha, ndiyo maana kwako hazifiki."

Jefwa, jirani yetu wa shamba la mihogo, alikuwa akipita na jembe begani. Akacheka. Luqman hanipandishi hasira, nimemzoea, lakini kile kicheko kilinipandisha. Nikasimama, nikainua mkono, nikasema mbele yao wawili na Mwanasaumu yuko mlangoni: "Wallahi, akitoka mchwa hata mmoja katika paa hili, nitalivua mwenyewe kwa mikono yangu, bati baada ya bati, na Likoni nitakwenda."

Jefwa akaacha kucheka. Mwanasaumu akauliza, "Baba Mahfudh, nyumba hii ni yako peke yako?"

Nikaketi. Kiapo kikishatoka hakirudi mdomoni.

Jumatano 10

Mvua. Chai haina tangawizi.

Alhamisi 11

Mvua. Chai haina tangawizi. Sijauliza.

Jumapili 14

Naandika kwa mkono mzito.

Mvua imekatika baada ya adhuhuri, jua likatoka kali, udongo ukafuka moshi. Nilikuwa ukumbini nasuka kamba. Nikasikia kitu kama mtu apepeta mchele. Nikainua macho. Pembe ya paa, ile ya juu ya ghala, walikuwa wakitoka. Weusi, wenye mbawa, mmoja mmoja kisha kumi kumi, wakiangukia sakafuni, mkekani, kwenye mtungi. Wakatambaa wakiziacha mbawa zao. Muda wa kunywa kikombe cha kahawa, sakafu ilikuwa imejaa mbawa kama maganda ya kitunguu.

Mdudu atokaye na mvua, ana mbawa, na akifika chini azivua, kila mtu wa pwani amjua jina. Kumbikumbi. Na kumbikumbi ni mchwa aliyeota mbawa.

Mwanasaumu alichukua ufagio. Akaanzia miguuni pangu. Angesema neno ningepata la kumjibu.

Luqman akaingia kabla hajamaliza kufagia, sijui nani alimwambia. Akaokota ubawa mmoja, akauinua kwenye mwanga. Nilimngoja acheke. Hakucheka, na hilo lilinikera zaidi.

"Shemeji," akasema, "waliosikia kiapo ni watu watatu tu."

"Na Mungu ni wa nne," nikamwambia. "Ngazi yangu iko wapi?"

Jumatatu 15

Nimemwendea imamu. Amenipa njia nyepesi: kafara ya kiapo ni kulisha maskini kumi, asiyeweza afunge siku tatu, na mtu abaki na nyumba yake. Nikamwambia kafara ni ya aliyeshindwa kutimiza alichokiapia. Mimi sijashindwa. Mikono ninayo.

Mwanasaumu alipolisikia hilo amezungumza kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Watoto saba nimezaa katika chumba kile. Sikuwazaa ili nikafe ghorofani nikisikiliza honi za feri." Akaingia ndani.

Jioni amekuja Dorcas, ameshika chupa, ndani mdudu mmoja wa jana.

"Mzee, hii kitu si mchwa."

"Kwanza, si kitu, ana roho. Pili, wewe ukinifunza mchwa, nani atanifunza kula?"

"Tazama kiuno chake. Mchwa hana kiuno. Huyu ni sungusungu ameota mbawa. Sungusungu pia huruka wakati wa mvua, na pia huangusha mbawa."

Nikamwambia sungusungu namjua tangu sijavaa kanzu, ni mweusi, yuwauma, na yuwatembea kwa miguu. Nikamwambia na la pili, ambalo sasa sipendi kulisoma: paa likivuliwa yeye amekosa chumba, kwa hiyo lazima amwone mchwa ana kiuno.

Akaenda zake. Chupa akaiacha barazani.

Jumanne 16

Nimeweka ngazi asubuhi. Miaka sabini na minane, na nilipanda kama wa ishirini. Nimeanza na uani ili nisimfukuze Mwanasaumu kwanza. Bati la kwanza likatoka. La pili likatoka. Wakati nalishusha la pili wingu likaja kutoka upande wa Mtwapa, na mvua ikamwagika yote mahali pamoja.

Chini yake kilikuwa chumba cha Dorcas. Nilikuwa nimedhani ni stoo. Sitasema uongo kwenye daftari langu mwenyewe: nilijua ni chumba chake, lakini nilidhani yuko skuli, nikasahau ni likizo. Ametoka amekumbatia mafungu ya karatasi za mitihani za wanafunzi, zinachuruzika wino.

Nilimngoja apige kelele. Aliziweka karatasi barazani moja moja, akazikandamiza kwa mawe, kisha akasimama chini ya ngazi na nywele zimelowa.

"Mzee, uliapa juu ya mdudu gani?"

"Mchwa."

"Ukivua paa kwa ajili ya mdudu mwingine, utakuwa umetimiza nini?"

Mimi nimebishana na wakandarasi, na makadhi, na Luqman. Juu ya ile ngazi, bati mkononi na maji yakiniingia shingoni, nilishuka kidato kimoja.

Akasema, "Niletee wadudu unaowajua wewe, ambao huna shaka nao. Nitakwambia kabila la kila mmoja kwa viungo vyake tu, bila kutazama sura. Nikikosea mmoja, nitakushikia ngazi mwenyewe."

Mabati mawili nimeyarudisha. Nimemwambia nayarudisha kwa sababu ya karatasi.

Jumatano 17

Nimempelekea chonga, yule wa pembe moja alaye minazi, niliyemchokoa kwenye kuti kwa waya. Dorcas amempindua kwa kijiti. Akaniambia kila mdudu ana miguu sita, ukihesabu minane huyo ni buibui, mrudishe. Kisha hesabu mbawa, kisha tazama zimekaaje. Za chonga za juu zimekuwa ngumu kama kifuniko, na zinakutana mgongoni kwa mstari mmoja mnyoofu, kama milango miwili ya duka. Akazifungua. Chini yake kumekunjwa mbawa nyingine nyororo, za kurukia. Yeyote mwenye milango hiyo, awe mkubwa au mdogo kama punje ya mtama, ni kabila la chonga.

Nimeua chonga maisha yangu yote. Ile milango sikuwahi kuifungua.

Alhamisi 18

Kunguni. Nimemwomba kwa jirani. Kwangu hakuna, na hilo liandikwe. Mdomo wake ni sindano iliyokunjwa chini ya kifua. Kabila la wenye sindano, hata wale wadogo wa kijani wafyonzao mchicha.

Ijumaa 19

Mbu na nzi, amesema ni kabila moja. Nikamwambia nzi ampige mbu kofi ndipo nitaamini ni ndugu. Akanipa lenzi, kioo chake cha kukuzia. Kila mmoja ana mbawa mbili tu. Mahali pa mbawa za nyuma pana vifimbo viwili, vichwa vyake kama vichwa vya pini. Vyote viwili wanavyo.

Nimemrudishia lenzi. Leo amesema shikamoo. Labda alikuwa akiisema kwa sauti ndogo siku zote, sikio langu la kulia si zuri.

Jumamosi 20

Mvua. Mende. Mbawa za juu kama ngozi, mwili bapa.

Jumatatu 22

Leo nilimtegea. Kwenye mrehani wa Mwanasaumu nimenasa nyuki kwa bilauri, mwenye mistari ya manjano, na mlio wake. Nikampelekea nimekunja uso.

"Huyu?"

Akatazama kidogo tu. "Nzi."

Nilicheka mpaka Mwanasaumu akatoka jikoni. "Mama Mahfudh, njoo umsikie mwalimu. Nyuki amekuwa nzi. Nishikieni ngazi."

"Hesabu mbawa," akasema Dorcas.

"Nyuki ana nne."

"Ndiyo. Nyuki ana nne. Hesabu za huyu."

Nikahesabu. Nikageuza bilauri nikahesabu tena, Mwanasaumu naye akiangalia juu ya bega langu.

"Mbili," akasema Mwanasaumu.

"Umeulizwa wewe?"

"Mbili, Baba Mahfudh, na vifimbo vyake."

Dorcas akaingiza mkono kwenye bilauri, akamtoa kwa vidole viwili, akaniwekea kiganjani. Nilifumba macho, naandika kweli. Hakuuma. Akasimama akapangusa mikono yake ya mbele, mmoja juu ya mwingine, vile vile afanyavyo nzi juu ya embe. Amevaa nguo za nyuki ili aogopwe. Miaka sabini mimi nimemkimbia.

Nimeshindwa na nimefurahi. Sijawahi kuyaonja mawili hayo kwa siku moja.

Jumanne 23

Chai ina tangawizi kidogo.

Alhamisi 25

Luqman amepita. "Paa bado lipo, shemeji?" Nikamwambia nachunguza. "Wachunguza nini, na sakafu ilijaa mbawa?" Maneno yake yameniingia. Dorcas ana elimu, lakini ana chumba pia. Nyuki alikuwa nzi, kweli. Sungusungu wa paa nimemwona kwa maneno yake tu.

Jumamosi 27

Usiku mvua ilipiga. Alfajiri, baada ya sala, Jefwa amebisha hodi na sufuria ina kifuniko.

"Mzee wangu, wametoka shambani kwangu, ardhini, kwenye kichuguu kile cha mihogo. Hawa ni kumbikumbi wenyewe, nimewala tangu mtoto. Nimewaachia wachache kabla ya kukaanga."

Dorcas nilimwambia akae chumbani kwake. Sikutaka mdomo wake karibu na macho yangu. Nimetandika kitambaa cheupe barazani. Upande wa kulia nimemweka wa Jefwa, upande wa kushoto yule wa chupa, aliyetoka katika paa langu. Nikachukua lenzi. Jefwa ameketi ngazini anatafuna.

Wa Jefwa: mbawa nne, zote urefu mmoja, za mbele na za nyuma, kama zimekatwa kwa kipimo kimoja. Sharubu zimenyooka, punje punje kama tasbihi. Kiuno hana, kifua kimeshuka moja kwa moja mpaka tumbo, kama gunia.

Wa paa: mbawa nne. Za mbele ndefu. Za nyuma fupi. Nikazipima kwa unyasi, nikaukata unyasi, nikapima tena. Sharubu zimevunjika katikati kama kiwiko cha mkono. Na kiuno, kiuno ni uzi. Ningekuwa na kisu cha wembamba huo ningemtenganisha bila yeye kujua.

Nimehesabu mara tano. Mara ya sita nimemwita Jefwa naye akahesabu, na yeye hana chumba kwangu.

"Si mamoja," akasema. "Huyu wako singemla."

Nilikaa. Jefwa akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni moshi wa jikoni. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Kisha nikaenda uani nikabisha mlango. "Mwalimu," nikamwita. Ni mara ya kwanza nimemwita hivyo. "Abee," akaitika, na sijui alijifunza lini. Nikamwambia njoo unywe chai. Akaniambia kwenye chai kwamba mchwa, kwa viungo vyake, ni jamaa wa mende, na sungusungu ni jamaa wa nyuki. Mwanasaumu akasema basi Luqman amemsingizia sungusungu ukoo wa watu.

Jumapili 28

Hili nitaliandika haraka.

Sungusungu hali mti, lakini hukaa penye mti uliolowa ukaoza. Nimepanda, nyundo mkononi, Jefwa chini ameshika ngazi. Boriti ya kwanza nimeigonga, ikalia kama kengele. Ya pili, ya tatu, zote ishirini na sita. Hata moja haikujibu kwa sauti ya mti ulioliwa na mchwa. Miaka arobaini na kitu, na nitaoza mimi kabla yake.

Pembe ya juu ya ghala niligonga kitu kikasema pu. Si boriti. Ni ubao wa mnazi. Nikauvuta ukavunjika mkononi kama mkate wa jana, sungusungu wakatoka wakanipanda mpaka kwapani. Juu yake bati lina tundu la msumari, maji yameingia masika baada ya masika.

Ubao ule niliuweka mimi. Miaka sita iliyopita bati lilivuja, Mwanasaumu akanambia lishughulikie, nikachomeka kipande cha mnazi kilichokuwa karibu nikasema nitarudi.

"Nani aliuweka huu ubao hapa, mzee wangu?" Jefwa akauliza kutoka chini.

Nikamwambia shika ngazi.

Ijumaa, mfunguo pili 4

Luqman nimemwita baada ya sala. Nikampa lenzi na kitambaa, hao wawili wamelala ubavu kwa ubavu. Sikumwambia neno. Nimejifunza kwa Mwalimu: mtu ahesabu kwanza.

Akainama. Muda mrefu.

"Huyu ni mchwa aliyekonda," akasema.

"Pima mbawa."

Akapima.

"Mchwa aliyekonda na mbawa zimekatika."

"Za mbele zimekatika zikawa ndefu?"

Akapima tena. Akaiweka lenzi. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya siku nyingi, mengine nilikuwa nimeyaandika nyuma ya daftari. Akasema, akitazama kikombe chake, "Kwetu tumebaki wawili, mimi na Mwanasaumu. Nimelala nikiliona paa limemwangukia. Na wewe pia. Likikuangukia wewe, mimi nitabishana na nani?"

Yale ya nyuma ya daftari sikuyasoma. Nimemwonyesha ubao wa mnazi, nikamwambia niliuweka mimi. Nilitaka alisikie kwangu. Amecheka mpaka akaketi, nami nikamwacha acheke, ilikuwa haki yake. Jioni ameleta kipande cha mkoko, kikavu, kizuri kuliko nilivyotarajia kwake, tumekipachika pamoja na bati jipya juu yake. Mahfudh nimempigia simu, nikamwambia vyumba vyake viwili apangishe.

Jumatano, mfunguo pili 16

Manyunyu. Mwalimu amewaleta wanafunzi wake tisa. Wamekaa barazani nikawafundisha chonga. Nimefundisha vizuri.

Jumapili, mfunguo pili 20

Mvua imetulia. Paa halivuji. Chai ina tangawizi ya kutosha.

Atakayesema niliogopa kiapo changu, amuulize Mwanasaumu, aliyekisikia mlangoni akaninyima tangawizi siku kumi na tatu. Amuulize Jefwa, aliyehesabu mbawa, ingawa ushahidi wa upande wake ameukaanga akaula. Amuulize Mwalimu Dorcas, chumba cha uani, na akiingia aanze na salamu. Luqman pia ni shahidi, lakini asiulizwe baada ya mwezi.

Na asiyewaamini wanne hao, afungue ukurasa unaofuata. Nimewabandika kwa gundi, wa Jefwa kulia, wa paa langu kushoto. Lenzi iko dirishani. Ahesabu mwenyewe, kisha ndipo azungumze.